Wachumba Wazito

Saluni ya Bi Redio ilikuwa inakata roho. Viti vitano, mtu mmoja, na huyo mmoja ni shemeji yake aliyekuja kuchaji simu. Wateja wote walihamia ng'ambo ya barabara kwa Bi Vioo, aliyebandika vioo hadi darini. Redio hakuogopa vioo. Aliogopa kimya. Umbea wake ulikuwa umechuja, na nani atavumilia kuvutwa nywele bila habari?

Akamgeukia binti wa kaka yake, anayesomea nyota.

"Mwanangu, shangazi yako anazama. Huko juu hakuna jambo?"

"Lipo. Mashimo meusi mawili, mazito kuliko jua mara mamilioni. Yanazungukana tangu enzi na enzi, yanatikisa ulimwengu. Mawimbi yake yanatupitia hata sasa, yanatuvuta na kutubana kidogo."

"Nani kayaona?"

"Hakuna. Kuna nyota zilizokufa, zinapiga kama saa. Mapigo yakianza kuwahi na kuchelewa, tunajua mawimbi yamepita."

"Kumbe majirani ndio wamesema!" Redio akapiga kofi. "Na ulikaa na habari hii tumboni?"

Kufika adhuhuri, Redio alikuwa ameyageuza mashimo kuwa wachumba, na waliokosa viti walikalia ndoo.

"Ndiyo maana sketi hainiingii," alisema mshona nguo. "Nimevutwa!"

"Wewe umevutwa na sahani," akajibiwa.

"Sasa hao wachumba wanaungana lini?" akauliza mteja mwingine.

"Labda miaka milioni kadhaa," binti akasema.

Shemeji akachomoa chaja. Redio akaona saluni yake itabaki tupu tena.

"Anayetaka kwenda, aende," akasema huku akichana. "Ila wakiungana hayupo, asije kuniuliza."

Hakuinuka mtu. Aliyebanwa na haja aliacha kanga kitini: "Nishikie nafasi, wakigusana tu nipigie kelele!" Kesho yake waume wakaanza kuleta magodoro.

Siku iliyofuata mlango ukafunguliwa. Bi Vioo, na kiti chake kichwani.

"Wamefika wapi?"

"Wamekaribia," Redio akajibu bila kugeuka. "Lakini hapa hakai mtu bila kusukwa. Na anayesuka ni mimi."

Bi Vioo akatazama ng'ambo, vioo vyake vikitazamana vyenyewe. Akatua kiti, akafungua kilemba.

"Nisuke ndogondogo," akasema. "Zile zinazochukua muda."