Roka Zilizong'arishwa

Ulikuwepo, usijikaushe. Ulikaa safu ya tatu, kiti cha plastiki cheupe, soda mkononi, siku injini ya pampu ya maji ilipozinduliwa upya. Ulimwona mwanamke mwenye ovaroli akisimama nyuma kabisa na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka mbele, kwamba wazime, wanaua injini. Ukageuza shingo, ukamtazama, kisha ukainamia chupa yako kana kwamba mle ndani mna habari nzito zaidi. Basi leo kaa usikilize ulichokipa kisogo.

Mwanamke yule ni fundi wa injini pale kituo cha pampu. Mtaa mzima unamwita Mama Sikio kwa namna anavyompima mgonjwa wake: ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini kwenye sikio, macho amefumba, halafu anakwambia kinachouma kabla hata nati moja haijalegezwa. Chuo hakukiona. Alianza kwa kuosha vyuma vya mafundi wengine, akaishia kuwaonyesha kazi waliokuja na vyeti. Miaka kumi na tisa injini ile kongwe ya dizeli imepandisha maji mpaka nyumba za juu kabisa mlimani, na miaka yote hiyo mkono ulioingia ndani yake ulikuwa wake. Wewe kazi yako ilikuwa kufungua bomba.

Mwaka huu roka zilichoka. Roka ni vile vyuma vifupi vinavyocheza kama bembea juu ya kichwa cha injini: upande huu vinasukumwa na fito kutoka chini, upande ule vinabonyeza valvu zifunguke. Injini ile inazo kumi na mbili. Mama Sikio aliandika barua tatu kuomba mpya, na ya nne akaipeleka mwenyewe mpaka mezani kwa Meneja wa kituo, akasimama pale mpaka ikasomwa. Roka zilipofika alishusha pumzi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amekula.

Ukitaka kumjua fundi, mtazame akiwa na chuma kipya. Fundi wa kubahatisha hukitoa kwenye karatasi, akakifunga, akawasha, akaondoka akipiga mluzi. Mama Sikio alizivua roka zile karatasi moja moja. Akaziosha kwa mafuta ya taa kuondoa grisi ya kiwandani, kwa kuwa ile ni ya kuzuia kutu tu, haijui kazi nyingine. Akapuliza kila kitundu cha kupitishia oili na kukielekeza dirishani mpaka aone mwanga upande wa pili. Kisha akazilaza ndani ya beseni la oili safi, zikazama zote, tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili yake.

Wala si oili yoyote. Mtunza stoo alimletea makopo mawili ya oili nyepesi ya magari madogo, akayarudisha. Injini kongwe yenye roka mpya, alimweleza, inataka oili nzito yenye dawa ya kulinda chuma kinachosuguana na chuma, kwa sababu nyuso zile ni ngeni na bado hazijazoeana. Mtunza stoo huyo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na baina yao hapiti neno bila utani.

"Shemeji, hizo roka unazifunga au unazinyonyesha?"

"Nazinyonyesha. Kalete maziwa niliyoandika kwenye karatasi, si hayo uliyookota."

Akaenda, akaleta.

Siku ya pili alizifunga. Kila mahali chuma kinapogusa chuma akapaka ute mzito mweusi, mzito kama lami iliyopigwa jua, ung'ang'anie pale mpaka oili ya chini ipande. Shika hapo, maana kesi yote iko hapo. Katika injini ile oili huchukua karibu dakika nzima kufika juu, na dakika hiyo roka mpya hazina mlinzi mwingine duniani isipokuwa huo ute. Akaenda ofisini akamweleza Meneja akihesabu kwa vidole: kwanza yeye fundi aizungushe kwa mkono mpaka oili idondoke kwenye kila roka, ikishawaka isiachwe ikasinzia kwa mngurumo wa chini, ikae kwenye resi ya kati, mwendo wa wastani, nusu saa bila kuzimwa, baada ya hapo amwage oili ile, aweke nyingine, apime nafasi za valvu upya. Ndipo ibebe maji. Meneja akaitikia sawasawa, fundi, sawasawa, macho yakiwa kwenye simu.

Sherehe ilikuwa asubuhi iliyofuata. Afisa itifaki alitangulia kufika, yule ambaye wafanyakazi humwita Bwana Tai kwa sababu hata jua likipasua mawe tai haitoki shingoni. Akamtazama Mama Sikio kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akamwambia kwa adabu nyingi kwamba picha haipendi madoa, aende akakae safu ya nyuma. Mama Sikio akauliza nani atazungusha injini kwa mkono. Akajibiwa kwamba kila kitu kimepangwa.

Yaliyofuata mle ndani aliyajua baadaye. Wewe uliyaona, maana milango ya chumba cha injini ilikuwa wazi na safu ya tatu inatazamana nayo. Bwana Tai aliagiza kava la juu lifunguliwe ili mgeni rasmi azione roka mpya kwa macho yake. Likafunguliwa. Akakuta zimepakwa ute mweusi na zinachuruzika oili, akarudi nyuma hatua mbili. Mgeni rasmi aonyeshwe uchafu huu? Akamwita mtunza stoo, akamtaka alete petroli na vitambaa vyeupe. Shemeji wa watu akasema kwa sauti ndogo kwamba labda fundi aulizwe kwanza. Bwana Tai akamwuliza kama yeye ni mtunza stoo au ni msemaji wa fundi. Shemeji akainama. Akazifuta roka zote kumi na mbili kwa petroli, moja baada ya nyingine, mpaka zikameremeta kama vijiko vya harusi.

Mgeni rasmi akaja, akachungulia, akasifu usafi. Watu wakapiga makofi. Huenda makofi ya kwanza yalikuwa yako.

Kava likafungwa, mgeni akabonyeza kitufe, injini ikawaka. Mpiga picha akasema samahani mheshimiwa, umefumba macho. Ikazimwa, ikawashwa tena. Safari hii bango lilikuwa limekunjamana, jina la mgeni halisomeki. Ikazimwa. Mara ya tatu Meneja akagundua kwamba katika picha zote mbili yeye hayumo, akajisogeza, wakarudia. Mara tatu iliwashwa, ikasinzia nusu dakika, ikazimwa, na roka zake zikiwa kavu kama koo la mwenye kiu.

Huko nyuma Mama Sikio hakuhitaji bisibisi. Aliisikia ile tak-tak-tak ndogo, kavu, ya chuma kinachomla mwenzake, akasimama. Umeshasikia alichosema. Bwana Tai alichukua kipaza sauti akasema, "Mama, kaa chini, tusiharibiane shughuli. Wenye utaalamu wapo mbele huku." Viti vikacheka. Nawe ulicheka, si sana, kiasi cha kuonekana uko upande wenye maua mezani.

Pampu ilisukuma maji siku mbili, fundi haruhusiwi kuifungua. Ya tatu ikakohoa, ikatapika moshi, ikanyamaza. Mama Sikio alipofungua kava alikuta nyuso za roka zimekwanguka kama sabuni iliyokwanguliwa kwa kisu, na vumbi la chuma limejaa ndani ya oili, linang'aa. Akachovya kidole, akakinusa, akatafuta mabaki ya ute aliopaka kwa mkono wake. Hata chembe. Akageuka polepole. Mlangoni alisimama shemeji yake, hajatoa mzaha hata mmoja tangu asubuhi, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

Hakumtukana. Alimwambia akae juu ya kreti, akamsikiliza mpaka mwisho, petroli, vitambaa, vijiko. Kisha akamwuliza kama atayasema hayo hayo mbele ya watu.

"Shemeji, mimi nina watoto wanne."

"Na mimi nina nini? Kuku?"

Ndipo shemeji akatoa sharti linalomfunga Mama Sikio mpaka leo: "Nikisimama peke yangu watanitafuna, na wewe hutapona. Lakini akiingia hata mmoja tu kati ya wale waliokaa vitini, mmoja, akasema naye aliona, mimi nitasema yote. Wallahi nitasema na nani aliniagiza."

Kesho yake barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kituo, na muhuri juu yake. Imeandikwa kwamba uharibifu umetokana na uzembe wa fundi aliyefunga roka bila kuzilainisha, na kwamba ataitwa mbele ya kamati ajieleze kwa nini asifukuzwe na asishtakiwe. Roka bila kuzilainisha! Yeye, aliyezilaza kwenye oili siku nzima kama anayemwogesha mtoto mchanga. Aliisoma mara mbili. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta alama ya kidole chake cheusi kwenye kioo cha ubao, akaondoka.

Na hili si geni hapa, ila nyinyi kusahau mnakujua kuliko kula. Ukuta wa shule ulipoanguka nani alifukuzwa? Mwashi, aliyekuwa ameandika kwamba mchanga una udongo. Dawa zilipoharibika kwenye zahanati nani alibeba lawama? Mfagizi, ati aling'oa plagi ya friji, na friji yenyewe ilikuwa imekufa mwezi mzima kabla. Mfagizi yule alihama na godoro kichwani, mchana, mbele ya milango yenu. Mlimpungia mikono. Wanaotia saini hawaanguki. Anayeanguka ni yule mwenye grisi kwenye kucha, kwa kuwa kumwona ni rahisi.

Siku nne Mama Sikio amepanda mlima huu mlango kwa mlango, na ovaroli lile lile, maana hakuona sababu ya kulibadilisha. Hakuomba mchango, hakuomba huruma. Aliomba mtu mmoja. Mwenye duka alisema yeye na ofisi ni ndugu, asieleweke vibaya. Mwalimu alisema ana shinikizo la damu. Mama mmoja alimsikiliza vizuri, akamshika mkono, akalia naye, kisha akasema mume wake hataki maneno. Kijana mwenye video nzima ya sherehe kwenye simu alidai ameifuta ili apate nafasi ya video za mpira. Na alipobisha kwako, mwanao alitumwa mlangoni aseme unaoga. Unaoga! Bomba zimekauka siku tano, mtaa mzima unagombania dumu la maji machafu kwenye lori, na wewe unaoga. Mama Sikio alimwambia mtoto akusalimie, akateremka. Hakucheka mpaka alipofika barabarani, na hata huko hakikuwa kicheko kizuri.

Kamati inakaa leo, saa tisa alasiri, jengo la ofisi ya maji, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kushoto ukimaliza ngazi. Meneja yumo. Bwana Tai yumo, naye ndiye mwandishi wa kumbukumbu, ili uelewe zitakavyoandikwa. Mama Sikio yuko kwenye benchi la nje, na magotini ameshika roka moja iliyofungwa kwenye karatasi. Upande wa pili wa benchi ameketi shemeji yake, katikati yao wameacha nafasi ya mtu mmoja. Kila mtu akipanda ngazi shemeji anainua uso, kisha anautazama mlango, kisha viatu vyake.

Akishafukuzwa huyu, injini itafunguliwa na wale wa kuwasha kwa ajili ya picha, na kiu itakuwa yako, usije ukamlilia Mungu. Lakini tuiache kiu. Mtu anakaribia kuondolewa kazini, na jina lake kuchafuliwa, kwa kosa ambalo wewe ulilitazama likitendwa. Huhitaji kujua injini. Utasema uliona kava likifunguliwa, uliona vitambaa vyeupe vikiingia vyeupe na kutoka vyeusi, ulimsikia nani aliagiza, ulihesabu injini ikiwashwa mara tatu. Maneno ya dakika mbili. Ukishayasema, yule shemeji anasimama.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo; wewe ulikuwepo. Sasa hivi ni saa nane na nusu, na kutoka kwako hadi pale ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Vaa viatu. Mwambie mtoto akija mtu kukuuliza aseme umetoka. Panda ngazi, usibishe hodi, sukuma mlango, useme ulichokiona.