Vigingi vya Mteremkoni

Mtaalamu wa miamba alisimama mbele ya ubao wa darasa akawaambia watu habari njema. Vigingi alivyovipigilia kukatisha mteremko vilikuwa bado vimenyooka.

"Udongo ukitambaa, mstari hupinda. Haukupinda. Walio chini ya kilima hawana haja ya kuhama."

Aliyepiga makofi kuliko wote ni dada wa mwashi wa kijiji. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya kilima. "Nilishafunga hadi sufuria! Nakwenda kufungua."

Nyuma, kwenye dawati la watoto lililombana magoti, mwashi hakupiga makofi. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi anayopimia kuta, na kwa kuwa hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Picha ya jirani ikiwa upande, ataiweka sawa kabla hajaitikia salamu.

"Mtaalamu," alisema, kisha akakohoa. "Vile vigingi nilivinyoosha mimi."

"Ulivinyoosha vipi?"

"Nikienda kuchukua mawe navipita. Vya katikati vilikuwa vimetoka mstarini. Nikadhani aliyevipiga ana mkono mbovu. Nikavuta kamba, nikavirudisha."

"Timazi bwana!" mtu akapaza sauti. "Hata kilima umekipiga plasta!"

Darasa likaangua kicheko. Mtaalamu aliweka chaki chini.

"Mara moja?"

"Kila vilipopinda."

Kicheko kikakatika. Mwashi alingoja kukemewa, hilo angelimudu. Mtaalamu aliuliza tu, kwa upole, "Matundu ulimovichomoa yapo?"

"Niliyashindilia. Lakini nayajua."

Wakapanda kilimani, dada yake akiwafuata. Mwashi alipiga magoti, akafukua kwa mwiko wake, akionyesha tundu moja baada ya jingine, yote chini ya mstari wake mzuri. Ya katikati yalikuwa mbali zaidi. Mtaalamu alinyoosha futi, akapima, akapima tena. Kutoka kigingi cha katikati, moja kwa moja huko chini, lilionekana paa la bati la nyumba ya dada yake mwashi.

"Kilima kinatembea," mtaalamu alisema. "Wa chini wahame leo, kabla mvua kubwa haijaanza."

Dada alitazama bati lake, kisha kaka yake.

"Na ule mlango wangu uliokuwa unakwama?"

Mwashi alifuta mwiko kwenye suruali, ingawa ulikuwa umeshakuwa safi.

"Fremu ilikuwa imekwenda upande," alisema. "Nikauranda mlango."

"Ukakwama tena."

"Nikauranda tena."

"Nami nikakusifu kwa majirani, kaka yangu. Nikasema mkono wako hauna mfano."

Mwashi alitangulia kushuka, akaingia nyumbani kwa dada yake, akajitwika godoro. Dada alikuwa amebeba sufuria zile zile, bado zimefungwa. Alipotoka aliuvuta mlango kwa kidole kimoja. Ukaja taratibu, bila kukwaruza popote, ukajifunga.

Mwashi aligeuza uso akashika njia, godoro likimfunika hadi machoni.