Santuri Isiyo na Wimbo wa Kuingia

Mablanketi yalinuka mkojo. Yalikuwa ya bweni la wavulana, na Bwana Leonidas alikuwa ameagiza yatundikwe madirishani na mlangoni mwa darasa ili kelele za Biharamulo zisiingie kwenye mashine. Kelele zilibaki nje. Harufu ilibaki ndani pamoja na Deodata, bendi nzima, na fundi mitambo wa kutoka Dar es Salaam aliyeshika leso puani kama mtu aliyefiwa. Deodata hakuwa ametia kitu tumboni tangu lori lilipomchukua Nyakisasa. Aliambiwa mwimbaji akishiba sauti inalala. Aliyemwambia alikuwa ameshiba.

"Rudia, mama," fundi alisema. "Umenguruma katikati."

"Si mimi. Ni tumbo."

Wapiga magitaa walicheka. Bwana Leonidas hakucheka. Alikuwa ofisa utamaduni, kijana wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuonekana.

Hakukuwa na harusi Ngara nzima iliyoitwa harusi bila Deodata. Hata wafugaji waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wasiojua neno moja la Kihangaza, walilijua jina lake. Sasa alikuwa anatengenezewa santuri kubwa, yenye nyimbo pande zote mbili, ya kwanza kutoka vilima vile. Jina lake lingeandikwa juu kwa rangi nyekundu. Yeye hakuomba rangi. Alikubali kwa kitu kimoja tu, na Bwana Leonidas alikwenda mwenyewe uani kwake kumwahidi.

"Shikamoo, mama," alisema siku ile, amekunja magoti mpaka suruali ikagusa vumbi.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka."

Akaeleza kwamba operesheni inakuja. Kaya zote za kilimani zitashushwa bondeni, kwenye kijiji kipya kilichonyooka. Lakini msanii wa taifa hahamishwi ovyo. Aimbe, na kibanja chake cha migomba hakitaguswa. Deodata aliitazama migomba yake. Chini ya shina lililonenepa kuliko yote alilala Ntirampeba, mume wake, na wanakijiji walikuwa wakimtania kwamba marehemu hakuwahi kuilisha familia vizuri kama alivyoilisha baada ya kuzikwa. Akasema ataimba.

Ndiyo maana alikuwa hapo, kwenye mablanketi, alipoambiwa wimbo unaotakiwa hasa ni ule wa kutoka.

"Ule unaimbwa mlangoni kwa baba wa bibi harusi," alisema. "Bibi harusi yuko wapi?"

"Bibi harusi ni taifa," alijibu Bwana Leonidas.

"Na bwana harusi?"

Malongo, kiongozi wa bendi, aliinamia nyuzi za gitaa lake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Kilimani kwao wimbo ule hauchezewi. Ukishaimbwa mlangoni, anayeimbiwa hutoka akilia, hageuki nyuma, wala halali tena ndani ya nyumba ile. Akilala, wanasema, hakuchi kwake. Huko anakokwenda, mama mkwe husimama ndani, penye moto wake mwenyewe, akamwimbia wimbo wa kuingia. Kabla hajaimbiwa hakanyagi ndani, hata mvua imnyeshee. Deodata aliwahi kumkuta bibi harusi amelowa uani kama kuku kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshikwa na maongezi kisimani.

"Basi tuimbe na wa kuingia," alisema. "Hizi haziachanishwi. Ukimtoa mtu, umwingize."

"Nafasi imejaa, mama. Upande wa pili kuna gitaa la Malongo, halafu kuna maneno yangu machache ya kueleza umuhimu wa utamaduni."

Maneno machache yalikuwa marefu kuliko wimbo wowote.

"Na tutautia mwendo," Malongo aliongeza kwa upole. "Huu wako unaliza. Mtu hatoi pesa baa ili alizwe, mama. Huko kwake analizwa bure."

Deodata alifikiri. Kisha akaomba jambo dogo: aimbe ameupa mlango kisogo. Fundi alisema kwake ni sawa, mashine haina macho. Basi Deodata akageukia ubao mweusi ulioandikwa hesabu za watoto, akauimbia ubao, ili sauti isimfikie mtu yeyote mlangoni kwake.

*Mama nahama, moto wako nauacha. Mama nahama, usinifuate.*

Magitaa yakamkimbiza kama mbuzi wa mnadani.

Santuri ilipotoka, ilitoka na picha ya msichana. Alikuwa na nywele zilizonyooshwa, meno yote, na shingo ya kuvalia mikufu. Jina lilikuwa Deodata. Deodata aliishika ile karatasi ngumu, akaikagua mbele na nyuma.

"Wamenifufua kabla sijafa," alisema. Kwa muda huo kila mtu kilimani alicheka, kwa maana bado walikuwa wanacheka naye.

Wimbo ulipokewa vizuri kupita kiasi. Biharamulo waliucheza baa hadi chupa zikaanguka. Redio iliupiga. Makarani wa Bukoba, ilisemekana, walioa kwa kuupiga huo huo. Gulioni Ngara vijana walimpita Deodata na kikapu chake cha ndizi huku wakipiga mluzi wimbo wake, wasijue ni yeye, na mmoja akamwambia, "Sogea, bibi, usikanyagwe na watu wa mjini."

Kiangazi kilipokwisha, Land Rover yenye bomba la sauti juu ya paa ilianza kupanda vilima. Ilianzia upande wa Bukiriro. Mgambo walikuwa wamejiandaa kwa mapanga ya kukatia paa na viberiti vya kumalizia. Bwana Leonidas, ambaye sasa alikuwa ameongezewa cheo cha uhamasishaji, aliwaambia wangoje kwanza apige santuri kidogo, ili wananchi wachangamke.

Gari lilisimama mlango kwa mlango. Sauti ya Deodata ikatoka juu ya paa. Na wanawake wakatoka.

Walitoka na vyungu, na watoto mgongoni, wakilia, bila kugeuka nyuma. Wazee wa kiume walisita, wakashangaa, kisha wakawafuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulala ndani ya nyumba iliyoimbiwa. Hakuna paa lililokatwa kwa nguvu. Mgambo walisimama na viberiti vyao kama watu waliokaribishwa karamu isiyokuwapo. Bwana Leonidas hakujua kilichotokea, lakini alijua kukieleza. Mkoani alieleza kwamba sanaa ikipangwa vizuri inamwingia mwananchi. Mkoani wakapiga makofi.

Deodata alisikia habari hizo kutoka kwa Clotilda, jirani yake wa upande wa pili wa kilima. Clotilda alipita njiani akiwa na jiko la udongo kichwani na mjukuu mgongoni. Hakusalimu.

"Clotilda."

Yule alisimama, bado ametazama bonde.

"Wewe ndiye uliyenitoa kwa baba yangu," alisema. "Mama mkwe alipokosa sauti, wewe huyo huyo ukasimama motoni kwake ukaniingiza hapa. Jana umekuja na gari ukanitoa. Sasa niambie, dada, unaniingiza wapi?"

"Sikuwa mimi. Mimi niliimbia ubao."

"Sauti ilikuwa ya ubao?"

Clotilda akaendelea kuteremka. Mtoto mgongoni alimtazama Deodata mpaka wakapotea kwenye kona. Mtoto alikuwa mdogo. Hakuwa bado amekatazwa kutazama nyuma.

Kilima kikawa kimya. Deodata alibaki na migomba yake, na moto wake, na ahadi yake. Alipalilia. Jioni alimweleza Ntirampeba mambo ya siku, kama kawaida, ila hakumweleza ya Clotilda.

Gari lilipofika kwake, Bwana Leonidas hakushuka mara moja. Aliteremsha kioo.

"Mama, jiandae."

"Uliniambia hakitaguswa."

"Hakitaguswa. Migomba itabaki hapo hapo. Wewe ndiye unayehama."

"Uliniambia msanii wa taifa."

"Ndiyo, na taifa limehamia bondeni. Utabaki huku juu umwimbie nani?" Alisema bila ukali, hata kwa huruma kidogo, kama mtu anayemfafanulia mtoto somo jepesi. Kisha akamgeukia dereva. "Mpigie wimbo wake. Tumtoe kwa heshima."

Deodata alijiambia mwimbaji hajiimbii. Alijiambia ile ni mashine, mashine haina macho, na fundi mwenyewe alisema. Akaketi kizingitini, akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Sauti ikaja: *Mama nahama, moto wako nauacha.* Ilikuwa yake. Ilikuwa na ile kwikwi ndogo aliyoiweka mwenyewe tangu usichana, ambayo iliwahi kuwaliza hata mabibi harusi waliokuwa na haraka ya kuolewa. Mikono ikaachia. Alichukua jembe na kibuyu. Akapita kando ya kaburi akiwa amekaza shingo, asigeuke, na kwa hiyo hakumuaga mumewe.

Bondeni vibanda vya nyasi vilipangwa kwa kamba, vimenyooka, vyote vikielekea barabarani ili mgeni akipita avione. Milango ilikuwa wazi. Ndani hakukuwa na mtu. Watu walikaa nje, kila kaya mbele ya kibanda chake, chini ya magunia na majani ya migomba waliyokuja nayo. Masika yalikuwa yameanza. Mjukuu wa Clotilda alikohoa kikohozi kikubwa kuliko kifua chake.

Wanawake walimwona Deodata akifika. Hakuna aliyemsogelea, mpaka Clotilda aliposimama.

"Tuingize," alisema. "Kukutukana nitakutukana baadaye. Mtoto analowa."

"Nisimame wapi?"

Wimbo wa kuingia unaimbwa na aliye ndani, penye moto wa nyumba iliyokwisha kulaliwa. Walitazama mstari wote wa vibanda hadi mwisho. Kila mmoja wao alikuwa ametolewa. Hakuna aliyekuwa ndani.

Nyumba moja tu ilikuwa na moto: ofisi ya kijiji, ya bati, ambamo Bwana Leonidas alilala na kupikiwa chai. Deodata alikwenda akasimama mbele ya baraza, maji yakimtiririka usoni. Alipiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," alisema Bwana Leonidas, na hakumwambia ainuke. "Hawa watu wako wana nini? Serikali imewajengea, wanakaa nje kama ng'ombe."

"Wanangoja kuimbiwa wa kuingia. Niruhusu nisimame humo ndani, penye moto wako. Ni kidogo tu. Mtoto anakohoa."

Bwana Leonidas alitazama miguu yake yenye tope, akatazama sakafu ya saruji.

"Hii ni ofisi, mama, siyo ukumbi wa ngoma. Ule wimbo usiupoteze. Kiangazi bendi ikirudi tutautia kwenye santuri ya pili." Akafikiri, akatabasamu; hakuwa mtu wa roho mbaya. "Ila umesema kweli, watu wamepoa. Ngoja niwachangamshe."

Akaingia ndani. Bomba la sauti, ambalo sasa lilikuwa limefungwa juu ya bati la ofisi, lilikwaruza. Kisha magitaa yakaanza kukimbia, na sauti ya Deodata ikatandaa juu ya bonde, ikaingia kwa kila mlango ulio wazi.

*Mama nahama, usinifuate.*

Mbele ya vibanda watu walianza kuinuka. Mmoja mmoja walijitwisha vyungu, wakafunga watoto mgongoni, wakavipa vibanda kisogo, wakasimama kwenye mvua, shingo zimekazwa, wakitazama mbele. Mbele kulikuwa na barabara, na mgambo.

"Unaona?" Bwana Leonidas alimwambia kutoka dirishani, akipiga kidole kwenye fremu kufuata gitaa. "Wanataka kucheza."