Kiberiti cha Fundi Baridi

Mtaani walimwita Baridi, na jina lilimkaa, maana kwa miaka thelathini na minne hakuna friji iliyomshinda. Shule aliiacha mapema, tena bila majonzi. Basi lilipotoka tangazo kwamba kuanzia mwaka mpya gesi ya friji itauzwa kwa mafundi wenye cheti tu, alinuna siku mbili nzima. Bila gesi hakuna kazi, na bila kazi Baridi angebaki mzee wa kukaa kibarazani kutazama wapita njia.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Alimnunulia daftari, akalitia jalada, akamwambia masomo ni miezi mitatu tu na kesho saa mbili asichelewe.

Chuoni alikuta wenzake ni rika la wanawe. Mkufunzi, binti mwembamba mwenye sauti ya upole, alimwita baba. Baridi alikwenda amejiandaa kuchukia kila kitu. Ajabu ni kwamba alipenda. Miaka yote aliilazimisha friji igandishe bila kuiuliza inagandishaje, na sasa akawa anajua. Jioni alimsimulia Mwalimu mpaka chai ikapoa, naye Mwalimu akasahihisha daftari kwa kalamu nyekundu kama enzi zake. Meza ile haikuwa imesikia vicheko hivyo tangu watoto waoe na kuolewa.

Tatizo lilikuwa mkono. Mafundi wa zamani walitafuta mvujo kwa moto: unapitisha kiberiti cha gesi kando ya bomba la shaba, na mwali ukigeuka kijani, hapo ndipo panapovuja. Gesi mpya inashika moto, kwa hiyo hutafutwa kwa povu la sabuni. Baridi aliyajua hayo, na kwenye karatasi alipata tisini na moja. Lakini siku ya mtihani wa vitendo, alipoambiwa atafute mvujo, kichwa kikiwa bado kinafikiri mkono uliingia mfukoni, ukatoka na kiberiti, ukakiwasha. Darasa zima lilitimua mbio. Bahati yake, bomba lilikuwa limejazwa hewa tupu. Mkufunzi alimweleza kwamba amebakiwa na nafasi moja, wiki ijayo; akishindwa, asubiri mwaka mzima.

Alirudi nyumbani amenywea. Alimwambia Mwalimu kwamba kiberiti atakiacha, ila mkono wake anaujua, utaingia mfukoni tu, na usipokuta kitu utamvuruga akili. Alikuwa na hofu na hakuificha. Mwalimu alikichukua kiberiti, akakiweka jikoni, akaendelea kupanga vyombo.

Wiki ilipopita alisimama tena mbele ya bomba lile lile.

"Tafuta panapovuja, baba," mkufunzi akasema.

Mkono ukamtangulia, ukazama mfukoni. Ukagusa kitu laini. Akakitoa: kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa kwa kisu, saizi ya kiberiti. Baridi alikitazama, akacheka peke yake, akachukua sponji kwenye ndoo ya povu. Alipaka polepole, kiungo kwa kiungo, mpaka kwenye cha tatu vipovu vikaanza kuchomoza.

"Na hiyo sabuni ya mfukoni ni ya nini?"

"Nimewekewa na mwalimu wangu."

Alifika nyumbani na cheti ndani ya daftari. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda sokoni, naye akaingia chumbani kubadili nguo. Alipovaa suruali ya kazi akahisi kitu mfukoni: sabuni. Akapekua ya pili, imo. Ya tatu, imo. Hata ile ya suti aliyovaa harusi ya binti yao, ambayo haijampita kiunoni mwaka wa sita huu, nayo ilikuwa na kipande chake.

Alikaa kitandani vipande vikiwa vimemjaa viganjani. Kisha akainuka akavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja kwenye mfuko wake.