Koti la Mokaya Laajiriwa Homa Bay

Asubuhi ya Jumanne, katika studio ya Mokaya mjini Awendo, Lynnet alisimama mbele ya pazia lililochorwa rafu za vitabu akimsubiri Elijah, mtafuta kazi mwenzake, avue koti. Lilikuwa koti jeusi la kiume, pana mabegani, ambalo Mokaya alilinunua kwenye mitumba kule Migori kwa ajili ya mabwana harusi wasio na suti. Siku hizi harusi zilikuwa zimepungua na watafuta kazi wameongezeka, kwa hiyo koti lilikuwa halipumziki. Elijah alilivua, akabaki na kaptura na jezi ya mpira, akamkabidhi. Ndani lilikuwa bado na joto lake.

"Ngoja nikukaze nyuma," Mokaya akasema, akakibana kitambaa cha mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo mpaka mbele kukamkaa sawasawa. "Kunja mikono. Cheka, lakini usionyeshe meno."

Lori la miwa likapita nje, pazia likatikisika, wakangoja litulie. Kisha Mokaya akapiga picha.

Mambo ya kukunja mikono na kuficha meno hayakuwa ya Mokaya. Yaliletwa na dada mmoja kutoka Nairobi, aliyeendesha semina ya vijana katika ukumbi wa kanisa kuhusu namna ya kupata kazi za kompyuta na kutunza sura yako mtandaoni. Alikuwa mpole, na hakumtakia mtu mabaya. Aliwaambia kwamba siku hizi, kabla mwajiri hajasoma vyeti vyako, anakutafuta mtandaoni, na akikukuta unalia matangani, au umejitwika sufuria, au unacheza ngoma ya ohangla na wajomba, anakwenda kwa mwingine. Basi wafute, wabaki safi. Vijana walitoa simu zao wakaanza kufuta hapo hapo, ukumbi ukanyamaza kama uko kwenye mtihani.

Lynnet alifuta kwa uaminifu, maana alikuwa amechoka. Tangu amalize digrii ya kompyuta alikuwa ameomba kazi mpaka akakinai, na majibu machache yaliyokuja yalimshukuru kwa kuonyesha nia. Alifuta picha za kwaya. Alifuta za mazishi ya shangazi yake. Alipofika kwenye ile ya marehemu baba yake ameketi juu ya trekta la miwa, naye Lynnet mdogo mapajani, alisita. Kisha akaifuta nayo, kwa sababu baba alikuwa na matope mpaka magotini. Mokaya alipomtumia picha mpya, mtu aliyelitafuta jina lake alikuta koti, na juu ya koti uso kidogo.

Kazi aliyoitaka ilikuwa Homa Bay. Kampuni moja ya kutengeneza programu za simu ilikuwa imefungua ofisi mjini humo, ghorofani, inatazama ziwa, na ilitaka mtu mmoja. Mama yake, Leonida, alikuwa amemvumilia kadiri ya uwezo wake, lakini tayari alikuwa amezungumza na binamu yake wa Magunga mwenye duka la sare za shule, aliyehitaji mtu wa kukaa dukani. Homa Bay wakikataa, mwisho wa mwezi Lynnet anakwenda Magunga. Hakuwa na ugomvi na sare za shule. Ila alijua kwamba akishaketi kwenye lile duka hatainuka tena.

Kampuni ilituma mtihani wa kurekebisha programu iliyokuwa ikikwama. Lynnet aliufanya nyumbani, amejifunga leso, laptopu iko juu ya meza ya chakula na mama anamenya viazi upande wa pili. Alipomaliza alijua amefanya vizuri. Jambo hili mtu hulijua mwenyewe, hata kama hakuna wa kumwambia.

Jibu lilikuja studio. Picha zote za Mokaya zilikuwa na anwani yake pembeni, na kampuni iliandika huko. Akampigia Lynnet simu.

"Kuja uone," akasema. "Hii koti imeitwa intavyu."

Lynnet alipofika alimkuta Elijah ameshaketi, anasoma barua kwenye kompyuta. Ilianza kwa "Mpendwa Koti Jeusi" na ilieleza kila kitu kwa utaratibu. Mtambo wa kampuni ulikuwa umepitia maombi yote ya Migori na Homa Bay, na ukamwona mwombaji mmoja akijitokeza tena na tena, mwenye digrii kadhaa, diploma tele, cheti cha udereva, na alama ya juu kabisa kwenye mtihani. Nyuso zake zilikuwa zikibadilika-badilika, jambo ambalo kampuni haikulipenda kwa mwajiriwa. Koti peke yake ndilo lililokuwa na msimamo.

"Hiyo alama ya mtihani ni yangu," Lynnet akasema.

"Na hiyo cheti ya dreva ni yangu." Elijah alifikiri kidogo. "Lakini si afadhali? Angalau amepata mtu wetu."

"Hiyo si mtu, Elijah."

"Lakini ni wa hapa."

Mahojiano yalifanyika kwa video. Mokaya aliliweka koti kwenye stuli mbele ya kompyuta, na halikuhitaji henga ya kulishikilia. Lilikaa wima, mabega yamejaa, kola imeelekea kamera, na pale ambapo pangekuwa na shingo uliona rafu za vitabu za pazia. Wakubwa wa kampuni waliuliza kwa zamu. Waliuliza linajiona wapi miaka ijayo, koti likanyamaza. Waliuliza udhaifu wake ni upi, likanyamaza pia, na mmoja wao akaandika kitu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Lynnet alikuwa amekaa pembeni, nje ya picha, na kila swali alikuwa na jibu lake mdomoni. Ilipofika zamu ya maswali ya programu alishindwa kujizuia, akafungua mdomo. Mokaya akamwekea mkono begani.

"Usiiharibie," akamnong'oneza.

Baadaye kampuni ilisema haijawahi kumhoji mtu anayesikiliza vizuri namna ile. Koti likapata kazi. Diwani aliliandikia pongezi, kanisa likaliombea Jumapili, na yule dada wa semina akaiweka picha yake kwenye ukurasa wake ili vijana wengine waige. Mokaya alilipiga pasi, akalikalisha nyuma ya pikipiki yake, akaifunga mikono ya koti kiunoni mwake lisije likapeperuka, akalipeleka Homa Bay. Waliokuja studio kupiga picha wiki ile aliwavalisha sweta lake mwenyewe, wakalalamika.

Lynnet hakutoa pongezi. Alikasirika, tena hasira ile isiyo na pa kwenda, kwa maana huwezi kwenda kugombana na koti na ukarudi nyumbani na heshima yako. Akawa anajibu watu kwa mkato. Mama yake alianza kuzikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi la Magunga, moja leo, moja kesho. Begi lilipokaribia kujaa, Lynnet alichukua laptopu yake akaenda Homa Bay.

Alipokewa na Nyarangi, msimamizi wa ofisi, mwanamke wa makamo asiyekuwa na haraka, ambaye alimtilia chai kabla ya kumuuliza shida yake. Nyuma ya ukuta wa kioo koti lilikuwa limeketi kwenye kiti cha kuzunguka, linatazama ziwa.

"Madam, ule mtihani niliandika mimi," Lynnet akasema.

"Jina lako nimeliona pale chini. Lakini kwa sistimu ni kazi ya Koti."

"Koti haina mikono."

"Hiyo tumeigundua." Nyarangi akamsogezea sukari. "Tangu afike hajaandika hata laini moja. Kwa mikutano hana shida, wateja wanampenda sana. Ni mikono tu. Tulikuwa tunatafuta mtu."

Lynnet alijua pale pale atakachoambiwa. Alijua pia kwamba atakubali, na hilo la pili ndilo lililomuuma. Ataandika programu, nazo zitatoka kwa jina la Koti. Hatalitaja jambo hilo mtandaoni wala kwa mgeni yeyote. Siku za mikutano ataketi kwenye kigoda nyuma ya kile kiti, ambacho fundi ameshakitoboa mgongoni, na kupitisha mikono yake kwenye mikono ya koti, kwa sababu wateja walikuwa wamesema Koti ni mzuri ila anaonekana mkavu kidogo.

"Na nikitaka kuandika kwa profaili yangu kwamba nafanya hapa?"

"Sasa hapo mtakuwa watu wawili na CV moja," Nyarangi akasema kwa huruma. "Itakuharibia jina, mamangu."

Lynnet alikunywa chai yote. Alilifikiria duka la Magunga, kaunta yake, na rundo la soksi za kijivu. Akauliza ataanza lini.

Alifanya kazi vizuri, na huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe, kwamba hakuweza kuifanya vibaya hata alipojaribu. Programu zilizokuwa zikikwama zilikwamuka. Koti likasifiwa, likapewa ofisi yenye dirisha kubwa zaidi. Kwa upande wake koti halikumwonea wala kumpigia kelele, na jioni Lynnet alipochomoa mikono yake na kulipangusa vumbi, lilikaa kwa utulivu kama siku zote. Aliporudi kwenye chumba alichokipanga nyuma ya soko alikuwa amechoka mabega, naye alilala akiwa na hasira na kuamka nayo.

Wakati mmoja alijaribu kuondoka. Aliomba kazi kwingine kwa jina lake na picha yake, ile ya studio, maana nyingine zote alikuwa amezifuta. Walimjibu upesi. Walisema picha yake inafanana mno na ya Koti Jeusi wa Homa Bay, mtaalamu anayejulikana, wakamshauri aache kujifananisha na watu.

Leonida hakuyajua haya. Alichoambiwa ni kwamba mwanawe ni msaidizi wa bosi, naye aliwaambia wenzake wa kanisani hivyo hivyo, akiongeza chumvi kiasi. Siku moja alipokuwa akitoka Magunga kumwomba radhi binamu yake, aliona si vizuri kupita Homa Bay bila kumwona mtoto. Akapanda ngazi na hotipoti ya kuku na ugali wa wimbi.

Alifika mkutano ukiwa karibu kuanza. Wateja walikuwa wanaingia kwenye skrini mmoja mmoja, na Lynnet alikuwa ameshaketi nyuma ya kiti, mikono imeshapita. Nyarangi aliangalia saa, akaona hakuna namna, akamwingiza mama kwenye chumba cha kioo.

"Lynnet ametoka kidogo," akasema. "Lakini bosi wake ndiye huyu."

Leonida aliweka hotipoti mezani, akafuta kiganja kwenye leso, akanyoosha mkono. Hakusumbuliwa na kwamba bosi hana kichwa. Katika maisha yake alikuwa ameona wakubwa wa kila aina.

"Nashukuru sana, mkubwa," akasema, "kwa kumshika mtoto wangu."

Nyuma ya kiti, Lynnet alinyoosha mkono wa kulia.

Leonida aliupokea. Kisha akaufunika na mkono wake wa pili, akaushika kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomshika bosi, akivipapasa vifundo vya vidole kimoja kimoja. Uso wake haukubadilika. Aliinama kidogo kuelekea kwenye kola, akauliza kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, kama ameshakula.

Lynnet aliuma mdomo. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Akambana mama yake vidole, mara moja, kwa nguvu.

"Mama amesema nini?" akauliza Nyarangi, ambaye kwao ni Kisii.

"Nimemsalimia tu," Leonida akasema.

Aliachilia mkono, akaisogeza hotipoti mpaka ikagusa kishikizo cha koti, akakaza kifuniko chakula kisipoe. Nyarangi akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Pale Leonida akamwomba amwambie Lynnet kwamba mama alipita, na Nyarangi akasema atamwambia.

Mkutano ulikwenda vizuri. Mteja mmoja, aliyeona yote kwenye skrini, alisema aliguswa sana na namna Koti anavyowajali watu wa chini, na kwamba ameipiga picha ile salamu na angependa kuiweka mtandaoni. Hakuna aliyekataa.

Kufikia jioni picha ilikuwa imefika kila mahali. Lynnet aliitazama kwenye simu akiwa chumbani kwake, anakula kuku aliyepoa. Mama yake alionekana vizuri, leso yake, uso wake wote, ameushika mkono kwa mikono miwili. Chini paliandikwa kwamba huyu ni Koti Jeusi, kiongozi mnyenyekevu, akiwa na mama mmoja wa kijijini. Watu walikuwa wamemiminika kumpongeza. Kisha ukaingia ujumbe wa Nyarangi kwa wafanyakazi wote, akiwaomba na wao waandike neno, kwa ajili ya sura ya kampuni.

Lynnet alilamba vidole, akavifuta, akaandika, "Hongera, mkubwa." Kisha akaosha hotipoti ya mama yake na kuiinamisha dirishani ikauke.