Mstari wa Mwisho wa Kadi

Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo nianze kwa kujisifu mapema, tumalize. Mimi ndiye ninayewapokea wateja wapya katika kampuni yetu ya matangazo. Mtu akitaka bidhaa yake ijulikane, kabla hajaonana na anayeandika maneno, anayechora au anayepiga picha, anapita kwangu. Ofisini wananiita Bi Fomu. Walidhani wananichoma, mimi nikalichukua kama cheo.

Fomu ya kwanza niliitunga kwa mkono wangu, wenzangu wakaigeuza kuwa zao. Mapokezi walikuwa na yao, mwandishi ana yake, mchoraji ana yake, mpiga picha ana yake, na ya kwangu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kila mmoja alimwuliza mteja anachotaka, kwa wakati wake, bila kumsubiri mwenzake. Swali la kwanza katika fomu zote tano lilikuwa lilelile, nalo nililipenda kuliko yote: mwanzilishi wa biashara hii ni nani, na tunaweza kuonana naye lini? Niliamini mwanzilishi ndiye mwenye hadithi. Nilivyojivunia swali hilo, ungedhani nimelizaa.

Jumatatu moja akaja mama mmoja mwenye karakana ya viatu vya shule. Zilikuwa zimebaki wiki sita shule zifunguliwe, na alitaka matangazo yawahi. Alikuwa na umri wa mama yangu, mkoba mweusi mapajani, na viatu vilivyong'aa hata chini ya meza. Siku hiyohiyo tukampa jina la Mama Viatu, maana ofisi yetu haimwachi mtu bila jina. Dada wa mapokezi alijaza fomu yake, nami nikajaza yangu. Jumanne mwandishi akampigia simu, Jumatano mchoraji. Alhamisi asubuhi mpiga picha, jamaa mwenye mdomo usiojua mapumziko, akampigia kuuliza kama mzee mwanzilishi atapata nafasi Jumamosi asimame mbele ya mashine zake.

Saa moja baadaye Mama Viatu alikuwa mbele ya meza yangu. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini. Nilimvutia kiti, hakuketi.

"Aliyeanzisha karakana ni mume wangu," alisema. "Amefariki, mwezi wa nane sasa. Nilimwambia dada wa pale mlangoni. Nikakwambia wewe, nikakuona unaandika. Nikawaambia wenzako wawili kwenye simu. Leo huyu wa tano, nimemkatia simu bila kumjibu. Mwanangu, siku ile nilimzika watu wamenizunguka. Wiki hii mmenizikisha mara tano, na mara zote nilikuwa peke yangu."

Akageuka, akaondoka zake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu fomu ilikuwa palepale mezani, na jibu lake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkurugenzi hakupandisha sauti, na kwetu akizungumza taratibu ujue mambo yameharibika. Alinikumbusha kwamba wateja wawili walikuwa wameshatukimbia ndani ya wiki yao ya kwanza, wote wakisema tunawachosha, na mimi nikawaita wavivu. Mama Viatu akiwa wa tatu, kazi ya kuwapokea wateja anampa shemeji yake. Shemeji huyo tulimfahamu: kompyuta ya mkononi, miwani, na neno "mfumo" katika kila sentensi. Mimi ningehamia stoo ya mabango. Miaka tisa nimeikalia meza ile. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikajikuta niko peke yangu.

Ijumaa nikaenda karakana kuomba radhi. Lilikuwa jengo refu lenye bati, lenye harufu ya gundi na ngozi mpya, na watu kama ishirini kwenye meza zao. Nilitarajia makelele. Cherehani zilikuwa zinapiga, nyundo zinagonga, lakini watu hawakuwa wanaitana. Mama Viatu alikuwa na mgeni ndani, basi nikasimama na msimamizi wa karakana, mwanamume mwenye vidole vyeusi vya rangi ya viatu.

Kila jozi ilikuwa na kadi ngumu ya rangi ya kaki, imetobolewa tundu na kufungwa uzi. Mkataji aliisoma, akakata ngozi, akaifunga kadi kwenye vipande vyake. Mshonaji akaisoma, akashona. Wa soli akaisoma, akagonga. Fundi mmoja alikuwa anaumwa siku hiyo, na aliyeshika kazi yake alifungua uzi, akasoma, akaendelea pale mwenzake alipoishia. Nikamwuliza msimamizi, je, mteja akibadili mawazo? Alinitazama kama niliyeuliza maji yanalowesha vipi.

"Kadi inaandikwa upya," alisema. "Ndivyo mzee alivyotaka. Hapa mtu haulizwi jambo mara mbili."

Sentensi hiyo ilinishika. Mimi na kurasa zangu kumi na moja tulikuwa hatujafika pale.

Mama Viatu alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema radhi nimeipata, kazi bado. Angekuja Jumatano saa nne, akutane na wote kwa pamoja, mara moja. Akiulizwa hata swali moja alilokwisha kulijibu, atachukua mkoba wake. Hakusema kwa hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

Jumamosi nilizitandaza fomu zote tano kwenye meza ya kulia chakula, nyumbani kwa mama. Mama akavaa miwani akaketi kunisaidia. Nilikuwa nasoma swali, yeye anatafuta lilipojirudia na kulipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kama anachambua mawe kwenye mchele. Yalikuwa maswali sitini na manne. Arobaini na moja yalikuwa marudio. Mama akavua miwani akaniambia kwamba tangu nina miaka mitatu nilikuwa nauliza mpaka wageni wanaaga, ila hakujua kuna watu wananilipa mshahara kwa ajili hiyo.

Majibu yote ya Mama Viatu tulikuwa nayo, mengine mara nne, kila moja limelala kwenye droo ya mtu. Nikayakusanya kwenye kadi moja ngumu, mbele na nyuma, mistari kumi na tisa. Nikaitoboa tundu nikatia uzi. Kisha nikakaa nikiitazama, nikahisi kuna kitu kimebaki. Chini kabisa nikaongeza mstari wa ishirini: Mambo ya kutouliza. Mbele yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mwanzilishi ni marehemu mumewe, na kwamba asipomtaja mwenyewe, asitajwe.

Jumatatu ofisini kulichafuka. Mchoraji alidai hawezi kuchora bila kusikia kutoka kinywani mwa mteja. Nikamwambia akisoma kwanza, atasikia mapya badala ya ya juzi. Mwandishi alilalamika kwamba fomu yake ilikuwa na mpangilio wa kisanii. Nikamwonyesha kwamba maswali yake kumi na mawili kati ya kumi na matano yalikuwa yangu, ameyageuza nguo tu. Dada wa mapokezi peke yake alishukuru, maana yeye ndiye aliyekuwa akiona nyuso za wateja wakitoka. Nikaweka sharti: kila mtu asome kadi, aweke sahihi nyuma yake, na asiyesaini haingii kwenye chumba cha mkutano. Mpaka Jumanne jioni kulikuwa na sahihi nne, na ya mpiga picha haikuwemo. Alikuwa kazini nje ya mji.

Jumatano saa nne kamili Mama Viatu akaingia na mkoba wake. Mkurugenzi alikaa pembeni, na shemeji alikuwa kando yake amefungua kompyuta, amekuja kuona anachorithi. Sikumsalimu vizuri, nakiri.

Mwandishi akaanza. Hakuuliza karakana inatengeneza nini wala ina mafundi wangapi. Alisema, "Mama, viatu vyenu vinamaliza mwaka mzima wa shule bila kushonwa upya. Nimeleta njia mbili za kulisema hilo. Naomba utuchagulie." Mama Viatu alizisoma polepole, akachagua ya pili, akafuta neno moja. Mchoraji akaweka rangi tatu mezani, na zote zilikuwa zinatokana na ile kijani ya kibao cha karakana, aliyokwisha kutuambia haibadiliki. Mkoba ulikuwa mapajani, mikono miwili juu yake. Nilikuwa naiangalia mikono ile kuliko nilivyoangalia michoro.

Hapo mlango ukafunguka, mpiga picha akaingia na vumbi la safari, kamera shingoni. Nilikuwa nimewahi kumsukumia kadi mkononi kabla hajakaa, lakini mdomo wake huwa unatangulia macho.

"Mama, hujambo? Sasa ile Jumamosi, mzee..." alianza.

Mikono ikakaza juu ya mkoba. Nikaona stoo ya mabango na vumbi lake lote. Sijui nilimtazamaje jamaa yule, lakini aliacha kusema, akainamisha macho kwenye kadi, akaigeuza, akasoma mpaka chini. Rangi ilimtoka usoni. Akavuta kalamu mfukoni, akaweka sahihi, taratibu, mbele ya watu wote.

"Samahani, mama," alisema. "Nilikuwa sijasoma, sasa nimesoma. Mwanga wa karakana yenu ni mzuri asubuhi. Nije Jumamosi saa mbili, niwapige picha mafundi wakiwa kazini?"

Mama Viatu alimtazama, kisha akaitazama ile sahihi. Halafu akauchukua mkoba, roho ikaniruka, na akauweka chini sakafuni, karibu na mguu wa kiti.

"Njoo saa moja na nusu," alimjibu. "Saa mbili jua limeshahama meza ya wakataji."

Tulimaliza kila kitu kwa dakika arobaini. Zamani mteja alikuwa akila wiki mbili kufika pale. Shemeji alikuwa ameacha kuchapa. Watu wakaanza kukusanya karatasi zao, lakini Mama Viatu hakuinuka.

"Leo hakuna aliyeniuliza habari za mume wangu," alisema. "Basi ngoja niwaambie mwenyewe."

Tukaketi tena.

Alisema mumewe alikuwa na kigugumizi. Alipokuwa fundi wa kuajiriwa, wenzake walikuwa wakimwuliza namba ya kiatu mara tatu, mara nne. Walikuwa wamesikia mara ya kwanza. Walitaka kumwona akikwama wacheke. Miaka sita aliyavumilia hayo. Siku aliyofungua karakana yake, kabla hajanunua hata cherehani ya pili, alinunua kadi ngumu na uzi. Akaapa kwamba chini ya bati lake mtu hataulizwa jambo mara mbili.

Mwandishi aliweka kalamu chini, na mpiga picha, kwa mara ya kwanza tangu tumwajiri, alinyamaza bila kuambiwa. Mama Viatu akanyoosha mkono, akaichukua kadi kutoka kwake. Akapitisha kidole kwenye tundu, akauvuta uzi kidogo, kama mtu anayepima fundo la kazi yake.

"Hii nani kaitengeneza?"

Mkurugenzi akanitazama. Shemeji akanitazama. Nyie mmeshanijua mimi ni mtu wa aina gani, na jibu la kujisifu lilikuwa tayari ulimini. Lakini nilimwona fundi mmoja, ambaye sikuwahi kukutana naye, amesimama kati ya watu wanaomcheka.

"Ni yake, mama," nilisema. "Niliiona kwenu Ijumaa, nikaiga."

"Basi bado yuko kazini," alisema, akatabasamu huku macho yamejaa machozi wala hakuyaficha.

Akaanza kuisoma kadi, mstari kwa mstari, mbele na nyuma, akikubali kwa kichwa. Alipofika chini kabisa akasimama hapo, akasoma tena.

"Huu wa mwisho yeye hakuwa nao," alisema.

"Huo ni wangu."

Aliukunja uzi vizuri kuizunguka kadi, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtu kazi iliyokamilika.

"Angeupenda," alisema.

Nina vyeti vitatu ukutani, vya mfanyakazi bora, vyote na sahihi ya mkurugenzi. Jioni ile nilivitoa kwenye misumari yake, na kwenye msumari wa katikati nikaitundika kadi.