Waya Ukiwa Bado Ukutani

Ildefonsa alipotoka Mugoma kwenda Lusahunga kumhudumia binti yake Niragira aliyejifungua, alibeba ndizi, maharage, samli, na hofu. Hofu yenyewe haikuwa ya mtoto mchanga. Watoto alishawazaa na kuwalea. Ilikuwa hofu ya ile mashine ya mkwewe.

Mkwewe, Novatus, alikuwa anauza vipuri vya malori pale njia panda. Kijana mpole, hanywi, hagombani na mtu. Ulevi wake ni muziki. Sebuleni aliweka amplifaya kubwa, na mbele yake nyingine ndogo ambayo huipokea sauti kwanza na kuisafisha kabla ya kuipeleka kwa mkubwa wake. Hiyo ndogo aliachiwa na baba yake mdogo, padri aliyesoma Ulaya. Ndani yake vimesimama vichupa vya kioo, saizi ya kidole gumba, wanaviita vali. Ukiwasha, vinang'aa kama makaa ya jikoni.

Novatus alikuwa na boksi zima la vali za akiba, alizoletewa na madereva kutoka Dar es Salaam. Anachomoa mbili, anachomeka mbili, anarudia wimbo uleule wa kwaya. Hizi zinafanya sauti za akina mama kuwa nyembamba. Hizi zinapiga besi kama mtu anatwanga. Hizi zinakohoa.

"Anatafuta nini humo?" Ildefonsa alimuuliza binti yake.

"Anasema kwaya bado inaimba ikiwa nje ya dirisha, mama. Anataka waingie ndani."

"Si awafungulie mlango?"

Niragira alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Sasa, Ildefonsa alilelewa kwa heshima ya zamani. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono. Mkwe akiwa sebuleni, yeye yuko jikoni. Shikamoo hutolewa kwa mbali na marahaba hurudishwa kwa mbali. Maneno mengine yote yalipitia kwa Niragira, hata kama kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Siku moja mchana umeme ukakatika. Novatus akafurahi. Vali huwa za moto sana, na umeme ukikatika zinapoa bila yeye kukatisha muziki. Akafungua mfuniko wa ile mashine ndogo, akapiga magoti mbele yake.

Ildefonsa alichungulia kutoka jikoni. Akauona waya. Ulikuwa bado umechomekwa ukutani.

"Niragira! Mwambie mume wako atoe waya."

"Baba mtoto, mama anasema utoe waya."

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi, umeme haupo. Huo waya sasa hivi ni kamba tu."

"Mwambie kamba haina tabia ya kurudiwa na umeme."

"Mwambie mama aangalie ugali wake usiungue," Novatus alisema akicheka. Naye Ildefonsa alicheka, lakini moyo wake haukucheka.

Wewe unayesoma, hapa ndipo tunapokosea katika nyumba zetu. Umeme ukikatika tunaona kitu kimekufa. Tunafungua redio, tunafungua pasi, tunaingiza vidole. Umeme ukirudi haupigi hodi.

Niragira akaenda kuoga. Mtoto alikuwa amelala. Ildefonsa akaosha sufuria, akaweka maji jikoni, akachukua mwiko mkavu juu ya kichanja. Mara akasikia kelele barabarani, watu wanashangilia, "Umerudi! Umerudi!" Na sebuleni akasikia mlio, si wa muziki. Mtu anaguna kama amebebeshwa mzigo asiouweza.

Alikimbia. Akasahau kwamba haingii sebuleni mkwe akiwepo. Novatus alikuwa ameinama, mkono ndani ya mashine, meno yameumana, mwili mzima unatetemeka, na mkono hautoki.

Ildefonsa alinyoosha mkono wake kumvuta. Mkono ulikuwa bado unadondosha maji ya sufuria. Ukafika karibu na bega lake, ukasita. Miaka yote hakuwahi kumgusa mkwe. Aibu ilimshika hata katika hali ile, akaurudisha mkono, na badala yake akampiga na mwiko kwenye kiwiko. Akampiga tena kwa nguvu zote. Mkono ukachomoka, Novatus akaanguka chali. Ildefonsa akautumia mwiko uleule kuzima swichi ya ukutani.

"Niragira! Njoo! Mumeo!"

Niragira alikuja na povu la sabuni masikioni. Novatus alikuwa anahema, vidole viwili vimeungua, macho yanazunguka. Lakini anahema.

Pale zahanati, muuguzi Priscila aliuliza, "Nani alimtoa?"

"Mimi. Nilimpiga."

"Kwa nini hukumvuta?"

Ildefonsa aliona aibu kueleza. "Ni mkwe wangu," alisema.

Priscila alimtazama, akaitazama mikono yake. "Mama, ungemgusa kwa mikono hiyo yenye maji ningewapokea wawili. Siku nyingine anza na swichi. Lakini leo umshukuru aliyekufundisha heshima."

Njiani kurudi Ildefonsa alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akamshukuru marehemu mama yake, ambaye zamani alimwona mkali bure.

Vidole vilipopona, Novatus alisema kutoka sebuleni, "Mwambie mama naiuza hii mashine."

"Mwambie asiuze. Ameshaihangaikia mno. Aniletee tu ule waya."

Novatus akachomoa waya ukutani, akauvuta mpaka mlangoni, akaweka plagi juu ya kigoda na kurudi nyuma. Ildefonsa akaichukua, akakaa kizingitini, plagi mapajani kama mtu aliyekamata nyoka kichwa. Novatus hakufungua mara moja. Ndani ya mashine hubaki umeme hata waya ukitolewa, alieleza, kwa hiyo walikunywa chai kwanza, yeye huku na mama mkwe kule, taratibu mpaka birika likaisha. Ndipo akabadilisha vali. Ildefonsa hakurudisha plagi kigodani mpaka alipoona mfuniko umefungwa.

Vali zikang'aa. Kwaya ikaanza. Sauti za akina mama zikatoka nene, zenye pumzi, mmoja akisikika hata anavyovuta hewa kabla ya kiitikio, kama vile yuko palepale kwenye mkeka.

Novatus alimgeukia mkewe. "Muulize mama kama nijaribu zile nyingine."

"Mwambie..." Ildefonsa alianza. Kisha akamtazama mkwe mwenyewe, mzima, vidole vyake vyenye makovu vikitulia juu ya goti.

"Acha hizohizo, baba," alisema. "Wameingia."